Oksijeni 90 na safari ya Mumbai: barua ya daktari inatosha?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Mbeya. Moyo wake umetanuka, na mwezi uliopita alilazwa kwa sababu ya maji kwenye mapafu. Sasa yuko nyumbani, anatembea, ila akipanda ngazi lazima asimame apumzike. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kinasoma asilimia 90 au 91. Tumepata hospitali Mumbai na tiketi tumeshakata, Dar kupitia Addis Ababa, ambako tutasubiri saa sita. Daktari wake ameandika barua kwamba anaweza kusafiri, lakini shirika la ndege linataka tujaze fomu ndefu, na linasema mpaka daktari wao aidhinishe. Kwa nini barua haitoshi? Na je, tunaweza kubeba mashine yetu ya oksijeni ya nyumbani na mtungi mdogo? *Binti yake, Mbeya.*

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Barua haitoshi kwa sababu sentensi ya "nimempima, anaweza kusafiri" haimpi daktari wa shirika kitu cha kuamulia. Yeye hatamwona mama. Ana karatasi tu mbele yake, na anataka kujua kama mgonjwa atavumilia saa kadhaa za hewa nyepesi, kama anahitaji oksijeni ni lita ngapi kwa dakika, na kama anaweza kula na kwenda chooni mwenyewe au lazima awe na mtu. Fomu mliyopewa, ambayo watu wa mashirika huiita MEDIF, imetungwa kuuliza hayo. Daktari wa mama kazi yake ni kutoa taarifa. Ruhusa hutolewa na shirika. Hata baada ya ruhusa, rubani anaweza kukataa kumchukua abiria anayeonekana kuzidiwa mlangoni.

Watu wengi hudhani ndani ya ndege hewa ni ileile ya chini. Sivyo. Ndege inapokuwa juu, hewa ya ndani hushindiliwa, lakini si mpaka kufikia ile ya usawa wa bahari. Huachwa iwe kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa, ila kwa kuwa mgandamizo umepungua, kwenye kiwango hicho cha juu mapafu hupata kiasi sawa na mtu wa Dar anayevuta hewa yenye oksijeni asilimia 15. Mtu mzima mwenye afya hushuka kutoka 97 au 98 hadi 92 hivi, wala hajui. Aliyeanza na 91 hali yake ni tofauti, kwa sababu ya namna damu inavyoshika oksijeni: huko juu mwenye afya ni kama amesimama tambarare, hatua mbili nyuma hazimdhuru, mama amesimama ukingoni mwa mteremko, na hatua zilezile mbili humpeleka mbali.

Lakini hiyo 91 yenu ina jambo la kuiangalia vizuri: mmeipima Mbeya. Mji wenu uko kama mita 1,700 juu ya bahari, maana yake mama tayari anaishi karibu na kimo ambacho ndege itamwekea. Mtu mwenye afya Mbeya hasomi kama mtu wa Dar, na nisingeshangaa namba ya mama ikipanda kidogo akishuka Pwani. Kwa hiyo kuna habari njema na mbaya kwa pamoja. Njema ni kwamba 91 ya Mbeya si sawa na 91 ya Dar. Mwili wake umeshajaribiwa kiasi fulani. Mbaya ni kwamba kutoka Mbeya kwenda kwenye kiwango cha juu cha ndege bado kuna mita mia saba za kupanda, na yeye hana akiba kubwa. Daktari akiandika "oksijeni 91" bila kutaja mahali, msomaji wa fomu atadhani ni usawa wa bahari. Mwambieni aandike: "Mbeya, mita 1,700, bila oksijeni ya nyongeza." Mkifika Dar siku mbili tatu kabla ya safari, apimwe tena, na namba hiyo itumwe pia.

Na apimwe vizuri. Vidole vyenye baridi la asubuhi la Mbeya hudanganya, rangi ya kucha hudanganya, hina iliyokolea nayo inaweza kudanganya. Tumieni kidole kisafi kilichopashwa moto, asubiri ametulia dakika tano, msome namba ikishakaa na si ile ya kwanza kuruka. Jueni pia kwamba vipimo hivi huelekea kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli kwa ngozi nyeusi kama yetu. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii namtaka apimwe gesi za damu kutoka mshipa wa ateri, kama hospitali inayo mashine. Kinauma kidogo, lakini hakibishaniwi.

Kisha kuna jaribio lisilohitaji mashine, na fomu yenyewe huliuliza: je, mgonjwa anaweza kutembea mita 100 kwa mwendo wa kawaida, au kupanda ngazi 10 hadi 12, bila dalili? Fanyeni hospitalini, kipimo kikiwa kidoleni na muuguzi akiwa kando. Hesabuni vipandio. Andikeni alianza na ngapi, alimaliza na ngapi, alisimama kipandio cha ngapi, na ilichukua dakika ngapi namba kurudi. Wewe umeshaniambia akipanda ngazi husimama. Hilo peke yake linatosha kwangu kusema mama asisafiri bila oksijeni iliyopangwa kabla.

Kwenye ukurasa wa moyo ataulizwa lini moyo ulishindwa mara ya mwisho, kama dawa zimeudhibiti, na pumzi humpaa wakati gani: kwa kazi nzito, kwa kazi nyepesi au hata akiwa ameketi. Msipunguze makali. Najua hofu ya tiketi kupotea, na nimeona familia zikimshawishi daktari aandike "presha" tu basi. Mgonjwa aliyeandikiwa presha hatawekewa oksijeni, na wahudumu hawatajua wanamhudumia nani. Tarehe ya kulazwa iandikwe ilivyo. Mimi binafsi nisingesaini mpaka nione wiki mbili mfululizo uzito haupandi, miguu haijavimba upya, na dozi ya vidonge vya kutoa maji haijabadilishwa. Moyo ulioshindwa na ukatulia husafiri. Usiotulia haupaswi kupanda ndege ya abiria. Muulizeni pia daktari kiwango cha damu, maana kikishuka chini ya gramu 7.5 kwa desilita linakuwa tatizo jingine juu ya hili.

Sasa Addis Ababa, na hapa ndipo pananitia wasiwasi kuliko ndege zenyewe. Uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300. Yaani mama akishuka pale anabaki kwenye hewa nyepesi kama ile ya ndani ya ndege, kwa saa sita nyingine. Oksijeni mnayoiomba kwenye fomu ni ya ndani ya ndege. Mlango ukifunguliwa, mrija unabaki kwenye kiti. Safari ya karibu saa tatu, halafu saa sita uwanjani, halafu saa tano hivi hadi Mumbai: hizo zote ni saa za mlimani, na katikati ndipo hakuna mrija. Ulizeni shirika kwa maandishi kama kuna oksijeni na muuguzi wakati wa kusubiri, na nani anailipia. Jibu likiwa la kuzungukazunguka, badilisheni njia. Ndege ya moja kwa moja toka Dar, au njia inayopita mji wa usawa wa bahari kama Dubai, Doha au Muscat, inafaa zaidi kwake hata kama nauli imezidi. Nairobi ni nafuu kuliko Addis, ila nayo iko zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo kusubiri kuwe kufupi.

Kuhusu vifaa vyenu. Mashine ya nyumbani ile ya kuchomeka ukutani haitatumika ndani ya ndege. Ni nzito na haina betri. Mtungi wenu, mashirika mengi huukataa, na wanaokubali huweka masharti ya ukubwa na idhini ya mapema, basi msifike nao uwanjani kwa kubahatisha. Mna njia mbili: shirika liweke oksijeni yao, kwa kawaida lita 2 au 4 kwa dakika na mara nyingi kwa malipo, au mkodi mashine ndogo ya kubeba iliyoidhinishwa kutumika ndegeni. Mkichukua hiyo, mashirika mengi hudai betri za kutosha muda wa safari na nusu yake tena. Kwa saa nane za angani maana yake saa 12, na za kusubiri uwanjani mziongeze juu yake. Betri za akiba hukaa kwenye mzigo wa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini. Na zile barakoa zinazoanguka toka darini msizihesabu: hutoa oksijeni kwa kama robo saa tu, ili rubani apate kuteremsha ndege wakati wa dharura.

Mashirika mengi hutaka fomu saa 48 hadi 72 kabla. Itumeni wiki nzima kabla kama wanapokea, kwa sababu huwa wanarudi na maswali, lakini msiijaze mwezi mmoja nyuma. Hali ya moyo hubadilika na wao wanalijua hilo. Kama Mbeya hadi Dar nako mnaruka, shirika la ndani nalo liambiwe.

Siku yenyewe ombeni kiti cha magurudumu tangu mlangoni, hata kama mama atasema anaweza. Akae kiti cha kando ya njia karibu na choo, kwa sababu kosa ninaloliona sana ni mgonjwa kuruka kidonge cha kutoa maji akiogopa kusumbua watu. Asikiruke. Dawa zote ziwe mkononi kwenye pakiti zake, pamoja na nakala ya fomu yenye idhini. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu; siku ya kwanza fuateni saa za Tanzania, kisha mrekebishe polepole.

Msikate tiketi ya kurudi isiyobadilishika. Idhini ya kwenda haihusu kurudi kama atakuwa amefanyiwa upasuaji. Baada ya kufunguliwa kifua, kwa kawaida husubiriwa siku 10 hadi 14 za maendeleo mazuri ndipo ifikiriwe ndege, na hewa iliyobaki kifuani lazima iwe imeisha, kwani angani hutanuka kwa karibu theluthi moja. Fomu mpya ataijaza daktari wa kule, naye mwambieni kwamba mwisho wa safari ni Mbeya, maana daktari wa Mumbai hatajua kwamba anamrudisha mgonjwa wake mlimani.