Kitulo Uiende Mvua Ikinyesha

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza: mwenye gari lake na siku chache za likizo aende hifadhi gani ya mbali, yenye milima, na ajipange vipi? Mimi nasema Kitulo, kule Makete, mkoani Njombe. Halafu naongeza jambo ambalo watu hulipinga kabla sijamaliza kulisema: nenda wakati wa mvua.

Kitulo si hifadhi ya simba na tembo. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 413 hivi, na ni ya kwanza katika ukanda wa tropiki wa Afrika kuanzishwa hasa kwa ajili ya kulinda mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Zimeorodheshwa aina 350 hivi za mimea, na kati ya hizo 45 ni okidi za ardhini, yaani maua yanayoota udongoni, si juu ya miti. Sasa maua hayo yanafuata mvua. Yanachanua kuanzia Desemba mpaka Aprili, basi. Shemeji yangu alichagua Julai kwa sababu barabara inapitika, akarudi akitangaza kwamba Kitulo ni uwanja mkubwa wa nyasi wenye baridi. Hakusema uongo. Julai ndivyo ilivyo, na usiku umande unaganda.

Kwa hiyo upangaji wa safari hii unaanzia kwenye kalenda. Mwenye watoto wa shule, bahati yako: likizo ya Desemba inaangukia mahali pake. Chukua siku za mwisho wa Desemba au wiki ya kwanza ya Januari. Wakati nusu ya Dar imejipanga foleni kwenda Moshi, wewe unashika barabara ya Mbeya.

Barabara hiyo sina mengi ya kuisemea. Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Chimala: ni zaidi ya kilomita 700, lami tupu, mafuta yapo, chakula kipo. Kinachotakiwa ni uvumilivu, maana kuna matuta, vibao vya 50 kila kijiji, trafiki wenye tochi za kupima mwendo, na mlolongo wa malori ya Tunduma yanayopanda mlima wa Kitonga kama yanasindikiza msiba. Pale Mikumi barabara kuu inakatiza ndani ya hifadhi, na ukigonga mnyama unalipa faini, kwa hiyo pita mchana na pita polepole. Lala Iringa au Mafinga. Kuna wanaojisifu kwamba wametoka Dar alfajiri na usiku huohuo wakawa Mbeya. Hongera zao, lakini mtu huyo kesho yake hafai kushika usukani wa kupanda mlima.

Safari yenyewe inaanzia Chimala. Unaacha lami, unakata kushoto kuelekea Matamba, na mbele yako kuna ukuta wa mlima. Njia inayoupanda inajulikana kwa jina la Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Chini unaacha joto la Usangu na majaruba ya mpunga, na kila kona unayomaliza bonde linazidi kutanuka nyuma yako, mpaka abiria wanakuomba usimame wapige picha. Usisimame kwenye kona. Tafuta sehemu iliyonyooka, weka jiwe nyuma ya tairi, ndipo wapige picha zao.

Matamba ni nchi ya viazi, na viazi vinashuka kwa njia hiyohiyo. Utakutana na Fuso limejazwa magunia ya lumbesa mpaka limeinama upande mmoja, linashuka kwa gia ya kwanza huku likinguruma. Utingo anatembea kando yake na gogo mkononi, macho kwenye tairi la nyuma, tayari kulikinga breki zikigoma. Sheria inasema anayepanda apishwe. Ukimwona yule utingo na gogo lake, achana na sheria, rudi nyuma, mpishe.

Kabla ya yote hayo, mpeleke fundi gari lako angalau wiki moja kabla ya safari, si jana yake. Mwambie aangalie breki zote nne, na azifungue, asitazame kwa nje tu. Rejeta, mpira wa feni, betri. Spea tairi iwe na upepo, na jeki ijaribiwe palepale gereji. Beba kamba ya kuvutia, sepeto na mbao mbili fupi za kuweka chini ya tairi likianza kuzunguka bure. Jaza tenki Chimala, usitegemee huko juu. Na mkishuka, shukeni kwa gia ndogo. Anayeteremka kona zote zile kwa kukanyaga breki atazisikia zinanuka kabla hajafika nusu.

Najua wengi wenu mna IST au Noah. Kiangazi gari la namna hiyo unaweza kulibembeleza likafika Matamba. Mvua ikiwa imekolea, udongo unateleza kweli, na uwandani juu ya mlima njia za hifadhi zinahitaji gari lililoinuka na linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ushauri wangu ni huu: fikeni Chimala jioni, ulizeni madereva wanaopanda Matamba kila siku njia ilivyo leo, maana ya juzi haina maana. Wakitikisa kichwa, acheni gari nyumba ya wageni pale chini, mkodi gari la mwenyeji na dereva wake. Hela hiyo iwekeni kwenye bajeti tangu nyumbani. Pandeni asubuhi, kwa sababu mara nyingi mvua huanza mchana.

Ofisi ya hifadhi iko Matamba. Malipo si ya fedha taslimu, unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au kadi, kwa hiyo maliza habari hiyo ukiwa bado na mtandao, kwani ukishaingia uwandani mtandao unakuja na kuondoka. Mtanzania abebe kitambulisho, viwango vya raia si vya mgeni. Fedha taslimu beba pia, kwa chumba, chakula na bodaboda. Vyumba vya Matamba ni vya kawaida: kitanda, blanketi zito, maji ya moto kwenye ndoo. Mwavuli acha nyumbani, upepo wa kule utaugeuza nje ndani. Koti la mvua, sweta mbili, gambuti.

Ukishafika, shuka kwenye gari. Watu wanakosea kwa kufanya Kitulo utalii wa dirishani, wakati hapa ni mahali pa kutembea kwa miguu. Uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi, kwa hiyo usishangae pumzi kukata mapema. Kwa mbali unaona rangi tu, njano, nyeupe, na mishumaa myekundu ya maua yaitwayo nifofia iliyosimama juu ya majani. Okidi hazionekani hivyo. Piga magoti kwenye nyasi zilizolowa, utaona kimti cha urefu wa kiganja chenye maua madogo yamepangana kwenye ubua mmoja, na kila ua lina mdomo wake. Usiling'oe. Viazi vya okidi hizi ndivyo vinavyopikwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na biashara ya kuvichimba na kuvivusha mpaka ni sababu mojawapo ya eneo hili kufanywa hifadhi. Miezi hiyohiyo ya mvua ndiyo mbayuwayu wa buluu, ndege adimu, anapokuja kutaga hapa.

Kuna pia msitu wa Livingstone, upande wa kusini magharibi, anakoishi kipunji, aina ya tumbili. Wawindaji wa kwao walikuwa wakimjua zamani. Wanasayansi walimtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi, yaani kundi la kisayansi, yake peke yake. Kumwona kunataka siku zaidi, mwongozaji na miguu ya kupanda. Kwenye safari ya kwanza ya familia msitie tamaa hiyo.

Mkitoka, kama mko na gari la kuhimili na dereva wa Chimala amewahakikishia njia, msirudi Hamsini na Saba. Piteni Kikondo mtokee Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya na Tukuyu. Hapo mmefungua mlango mwingine: Ziwa Ngozi liko jirani, Daraja la Mungu la Mto Kiwira liko mbele kidogo, na mwenye siku ya ziada anaweza kuteremka mpaka Matema akaoge Ziwa Nyasa, baada ya baridi yote ile. Ila walioacha gari Chimala wakumbuke kulifuata, ni kilomita 80 hivi kutoka Mbeya mjini, na iko njiani kurudi Dar.