Posho, mali kauli na kiti cha bodi

Shikamoo mama. Mjumbe wa bodi analipwa posho shilingi ngapi kwa kikao? (Igoma)

Marahaba. Kila kampuni ina kiwango chake. Swali hili linaletwa kila mwezi, na nawasihi: anayeanza kuuliza posho asikitake kiti.

Nauza dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba, mwaka wa 14 sasa. Elimu yangu kidato cha nne. Wanachama wa SACCOS yetu wananitaka nigombee ujumbe wa bodi, lakini wenzangu wana digrii. Nitaweza?

Utaweza, mdogo wangu, na hao wenye digrii watakuhitaji.

Kikao changu cha kwanza cha bodi, katika kampuni moja hapahapa Mwanza, nilikabidhiwa kabrasha la nyaraka za kikao mlangoni huku chai inamiminwa. Meneja akasoma faida, watu wakapiga makofi. Mimi nikafungua mtiririko wa fedha, yaani fedha taslimu zilizoingia na kutoka: faida nono, benki hakuna kitu. Kwenye orodha ya wadaiwa nikakuta mteja mmoja kachukua mzigo tangu Januari, na hiyo ilikuwa Oktoba. Hiyo si mali kauli? Mama aliyewahi kupakia magunia kwenye lori la mtu, akabaki anapiga simu isiyopatikana, anajua deni la miezi tisa lina thamani gani. Nikauliza. Mwenyekiti akasema, "Hayo ya kitaalamu, mama." Mwaka uliofuata deni likafutwa vitabuni na faida ikaenda nalo.

Kwa hiyo gombea. Mtafute mhasibu akufundishe kusoma mizania (mali na madeni ya kampuni), mapato na matumizi, na mtiririko wa fedha. Dai kabrasha wiki nzima kabla ya kikao. Ukipinga jambo, hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, la sivyo itahesabika ulikubali.

Shemeji yangu kaniandikisha BRELA, kwa wasajili wa kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni yake ya ujenzi. Mimi huwa nasaini tu. Kuna ubaya? (Nyegezi)

Upo, tena mkubwa. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atende kwa uaminifu na kwa uangalifu. Haina mkurugenzi wa kusaini tu. Wanawake wangapi wa kanda hii tumeandikwa hivi, dada, mke, shemeji, tukaja kujua siku mdai anagonga mlango? Mwombe akuonyeshe hesabu wiki hii. Akizungusha, jiuzulu kwa barua na ufuatilie BRELA hadi jina litoke. Karatasi tupu usisaini hata ya mumeo.

Kampuni ambayo mimi ni mjumbe wa bodi inataka kupanga ghala la mume wangu. Ninyamaze?

Usinyamaze. Tamka maslahi yako kabla mjadala haujaanza, yaandikwe, kisha toka nje. Na bei ilinganishwe na maghala mengine.

Tuwe na sheria kama ya Norway, wanawake asilimia 40 kwenye bodi?

Mimi naitaka. Norway iliipitisha mwaka 2003, na kufikia 2008 kampuni za hisa za umma (si za serikali, ni zile zinazoweza kuuza hisa kwa yeyote) zilizokaidi zilikabiliwa na kufutwa. Lakini nimeona wanawake wanaingizwa bodi, kisha wanapangiwa kamati ya sherehe. Ukiingia, omba kamati ya ukaguzi.

Mama, nikutumie wasifu wangu uniunganishe?

Hapana. Na yeyote anayekudai hela akupe kiti cha bodi ni tapeli, mpeleke polisi.