Jibu: Utajuaje kama 30% ya AGPO imetumika kweli?

Habari dada. Shirika la serikali limekwambia fungu la AGPO, yaani 30% ya manunuzi ya serikali ya Kenya iliyotengewa akina mama, vijana na watu wenye ulemavu, limeshaisha, nawe unataka ushahidi. Kwanza angalia cheti chako cha AGPO, maana hudumu miaka 2 tu. Kisha omba nakala ya ripoti ya fungu hilo wanayoipelekea PPRA, mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma, kila miezi 6. Andika barua, hata kwa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inaruhusu, na wana siku 21 za kujibu. Hakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Ukiipata, usihesabu zabuni, hesabu shilingi! Niliyopewa mimi ilijaa sabuni, karatasi na chai ya mikutano. Barabara hata moja haikuwemo. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.