Kiuno cha Barbie Ukikizidisha kwa Sita

Chukua uzi wa cherehani usiovutika, uzungushe mara moja kwenye kiuno cha mdoli wa Barbie wa umbo lile la zamani, ukate ncha zinapokutana, kisha uunyooshe kwenye rula. Utapata kama sentimita 8.3. Kifua ni kama 13.3, na hipsi 12.7. Futi ya fundi haifai kupima mdoli moja kwa moja. Ni pana na ngumu, haikai kwenye mbonyeo wa kiuno, na kosa la milimita 5 hapo ni sentimita 3 ukishakuza.

Kukuza ni kuzidisha kwa 6, maana mdoli huu ni wa kipimo cha moja ya sita. Urefu wa sentimita 29.2 unafika 175. Kifua kinafika 80, hipsi 76, kiuno 50. Wengi hulalamikia kifua, lakini 80 ni kifua cha mwanamke mwembamba. Kinaonekana kikubwa kwa sababu ya kilicho chini yake. Hipsi 76 kwa mtu wa urefu huo ni ndogo sana. Kiuno ndicho kisichoingia akilini: funga kitanzi cha uzi wa sentimita 50 ujaribu kukipitisha kichwani. Kwa mwanamke mzima kitakwama, kwa kuwa kichwa chake huzunguka kama sentimita 55. Mwaka 1996 watafiti wa Australia walikadiria kwamba umbo la namna hiyo halifikii mwanamke 1 kati ya 100,000.

Mtandaoni utakutana na namba nyingine za kifua, kiuno na hipsi, hasa 99, 46 na 84. Kabla ya kuzibeba, uliza ni mdoli gani uliopimwa na ni kiungo gani kilichoshikiliwa kiwe sawa na cha mtu wakati wa kukuza. Ukishikilia kiuno kiwe sentimita 76, mdoli wenyewe unapita urefu wa mita 2.6. Na ile 6 ni ya Barbie na midoli ya kimo chake tu. Mdoli mwingine, gawanya urefu wa mtu kwa urefu wa mdoli ndipo upate kipimo chake.

Sasa kwa nini kiuno kikawa vile? Jibu liko kwenye kitambaa. Mwili wa mdoli umepunguzwa mara sita, lakini pamba ya kumshonea haikupunguzwa. Kitambaa cha unene wa milimita 0.3 kwenye mdoli ni sawa na wewe kuvaa kitu cha milimita 1.8, karibu na blanketi. Kiunoni ndipo tabaka zinapokutana: sehemu ya juu ya gauni, sketi, na mikunjo ya mshono wa kila moja. Tabaka nne ni milimita 1.2, na unene huo unaongeza mzunguko kwa milimita 7.5 hivi, yaani sentimita 4.5 kwa kipimo cha mtu. Weka marinda na mpira, inazidi. Kim Culmone, aliyesimamia usanifu wa Barbie huko Mattel, kampuni inayomtengeneza, alieleza mwaka 2014 kwamba mwili huo haukukusudiwa kufanana na wa mtu. Ulitengenezwa ili mtoto avishe na kuvua nguo kwa urahisi. Kwangu hiyo ni sababu ya kweli, ingawa haitoshi kueleza umbo zima.

Anayeshona nguo za midoli asigawanye vipimo vya mteja kwa sita. Mwanamke wa kiuno 76 angetoa gauni la kiuno cha sentimita 12.7, na hilo litamdondoka Barbie. Pima mdoli wenyewe, ongeza milimita 6 za nafasi kwenye mzunguko, acha milimita 6 za mshono, na ukishashona punguza zibaki 3. Sindano namba 70, mshono wa milimita 1.5 hadi 2. Kanga nyepesi hukaa vizuri kuliko kitenge kizito, na chagua maua madogo: ua la sentimita 10 litafunika gauni zima. Kiunoni usiweke bitana. Mgongo uwe wazi hadi chini ya hipsi, maana mikono ya plastiki haikunjiki kama yetu. Vidole vikinasa kwenye mkono wa gauni, funika kiganja kwa kipande cha mfuko wa nailoni ndipo uvishe.

Kwa mtoto, shida haiko kwenye mshono. Mwaka 1965 ilitoka seti moja ya Barbie yenye mizani iliyosimama kwenye ratili 110, karibu kilo 50, na kijitabu cha kupunguza uzito kilichoandikwa: usile. Kilo 50 kwa mita 1.75 ni uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 16.3, na chini ya 18.5 huhesabiwa uzito pungufu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wasichana 162 wa miaka 5 hadi 8 huko Uingereza. Walioonyeshwa picha za Barbie hawakuridhika na miili yao kama wenzao, na walitamani wembamba zaidi, hasa wale wadogo. Kwa hiyo usingoje afike sekondari.

Fanya naye jaribio la uzi, lakini mzungushie mtu mzima: mama, shangazi, bibi akikubali. Mwili wa mtoto usiupime wala usiutajie namba. Atakumbuka namba na kusahau somo. Mwonyeshe pia kwamba nyayo za Barbie wa zamani zimekaa mkao wa kiatu kirefu, hivyo hasimami bila kuegemezwa. Vifundo vinavyokunja vilikuja kwa baadhi yao mwaka 2015.

Ukiwa na yule mnene kidogo aliyetoka Januari 2016, mpe mtoto ajaribu kumvisha gauni la yule wa zamani. Mgongoni halitafunga. Fumueni pamoja, ongezeni kipande cha sentimita 1 kila upande wa nyuma, mjaribu tena.