Stockholm siku nne na mama mzazi na watoto: anza na ile meli

Mkuu umeuliza Stockholm uanzie wapi, kwamba unaenda na mke, watoto watatu na mama mzazi, mna siku nne tu na makumbusho ni kibao. Mimi nilienda Julai na bi mkubwa wangu, yaani mama, na wanangu wawili, wa miaka 6 na 11, tukafikia kwa shemeji anayeishi kule, kwa hiyo nakupa nilichokiona kwa macho. Kwa kifupi siku moja sehemu moja, na ya kwanza iwe Vasa.

Vasa ni meli ya kivita ya mfalme Gustav II Adolf, ilizama tarehe 10 Agosti 1628 siku ileile inaanza safari yake ya kwanza, haijafika hata kilomita moja na nusu na watu wako ufukweni wanaangalia, upepo ukailaza ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi, ndo basi tena. Ikalala huko chini hadi 1961 walipoiinua. Ukiingia ndani ya makumbusho yake kuna giza na kaubaridi kwa sababu wanazitunza mbao, halafu inakutokea meli nzima mbele yako, urefu mita 69, na mbao karibu zote ni zilezile. Mwanangu mdogo alinishika mkono akanyamaza kimya.

Sasa bi mkubwa ni mtu wa Pangani, baba yake alikuwa fundi wa majahazi. Akasimama upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, kainua kichwa anatazama masanamu yaliyochongwa, muda mrefu hasemi kitu, halafu akaniuliza, "Farumi yake ilikuwa wapi?" Yaani ule uzito wa chini unaotuliza chombo. Nikampeleka kwenye modeli iliyokatwa ubavu inaonyesha ndani, mawe yamepangwa kule ngamani, chini kabisa ndani ya meli, kama tani 120. Akasema mizinga yote ile juu (ni 64 mkuu!) mawe haya hayatoshi, na hata wangeongeza, chombo kingezidi kushuka, maji yangeyafikia yale madirisha. Na ndo hivyohivyo wataalamu wanavyoeleza, tumbo la meli lilikuwa dogo na huko juu kuzito mno. Kilichomuuma zaidi ni pale niliposoma kwamba kabla ya safari waliwakimbiza watu 30 kwenye sitaha kutoka upande huu kwenda ule kuijaribu, meli ikayumba vibaya wakaacha, na bado wakaiondoa bandarini. Walikufa watu kama 30. "Kwa hiyo walijua," akasema, na alikasirika kweli kama vile imetokea wiki iliyopita.

Akauliza pia mbona mdudu hajaitoboa miaka yote hiyo, maana kwetu chombo usipokipaka deheni, yale mafuta ya kukinga mbao, kinaliwa. Jibu ni kwamba bahari ya Baltiki chumvi yake ni kidogo, yule mdudu hastawi. Ila kuna chumba chenye mifupa ya waliozama, waandae watoto kabla. Walio chini ya miaka 18 hawalipi.

Siku ya pili Skansen, iko kisiwa kilekile cha Vasa, Djurgården. Ni kama Kijiji cha Makumbusho pale Dar ila kubwa sana na ya tangu 1891, nyumba za zamani zimeletwa kutoka kila pembe ya Sweden, na kuna dubu na mbwa mwitu wa kuwaona live. Kuna vilima, kama mama ana magoti nendeni taratibu. Kufika huko chukueni boti kutoka Slussen, tiketi ni ileile ya basi na treni, watoto wanaipenda kuliko makumbusho yenyewe.

Siku ya tatu mji mkongwe, Gamla Stan. Barabara ni za mawe, raba ni lazima. Kuna kichochoro kinaitwa Mårten Trotzigs gränd, sehemu nyembamba ni sentimita 90 tu, wangu walipanda na kushuka ngazi zake mpaka nikawaita. Pale kwenye uwanja wa katikati ya mji huo iko makumbusho ya Nobel, ndogo, ila mwambieni mtoto mkubwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata tuzo ya Nobel ya fasihi 2021. Viti vya mgahawa wake vimesainiwa kwa chini na washindi, wangu alivipindua kadhaa akimtafuta.

Kadi ya benki muwe nayo, sehemu nyingi hawapokei cash kabisa, sisi mgahawa mmoja tulirudisha chakula kikiwa tayari mezani, na njaa zetu. Msikiti uko karibu na stesheni ya Medborgarplatsen, na Julai magharibi inaingia mnakaribia saa nne usiku kwa hiyo watoto watagoma kulala, jipangeni.

Siku ya nne tulipanga Stadshuset, jengo la jiji wanapofanyia karamu ya Nobel. Asubuhi bi mkubwa kavaa koti mapema akasema yeye anaomba arudi kwenye ile meli. Tukarudi wote, nikalipa tena, akakaa kwenye benchi upande wa tezi karibu saa nzima akiwaelezea wajukuu baba yake alivyokuwa akipiga kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao za chombo.