Kisu cha gurudumu na ukanda uliojikunja kama kiwiko

Mfarishi wangu wa kwanza, yaani blanketi la viraka vilivyoungwa, niliukata kwa mkasi. Wa pili niliukata kwa kisu cha gurudumu, chenye wembe wa duara unaobingirika kama tairi, kifaa kipya kabisa, na huo wa pili ndio uliotoka vibaya. Pembe hazikukutana, safu moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine, nami nikaitupia lawama cherehani. Nikafumua, nikashona upya, hali ikawa ileile. Siku nilipoulaza ukanda mmoja wa kitambaa nilioukata peke yake mezani ndipo nilipoona: katikati ulikuwa umejikunja kama kiwiko.

Kiwiko hicho hakiletwi na wembe, kinaletwa na mkunjo. Kitambaa cha pamba cha viraka huwa na upana wa kama sentimita 110, kwa hiyo tunakikunja ili kienee chini ya rula inayoongoza wembe. Rula isipokaa pembe mraba na ule mkunjo, wembe unapita upande kidogo kwenye tabaka zote mbili, na ukikunjua unakuta umbo la V.

Siku hizi nikiwa na saa moja ya kukata, nusu yake inaishia kwenye pasi na mkunjo. Kitambaa laini nakitia stachi kwanza. Pasi naibonyeza na kuiinua, siiburuti, kwa sababu kuburuta kunavuta kitambaa, hasa kikivutwa kwa mshazari. Kisha nashika zile kingo mbili zilizofumwa kiwandani, nazikutanisha, nakiacha kitambaa kining'inie mbele yangu. Kama mkunjo chini una mawimbi, natelezesha ukingo mmoja kushoto au kulia mpaka mawimbi yaishe. Ncha zilizokatwa kwa mkasi wakati wa kununua huenda zikapishana hata kwa vidole viwili. Ziache. Zilikatwa upande tangu mwanzo, na kuzifuata ndilo lilikuwa kosa langu.

Baada ya hapo nalaza mstari mmoja wa rula juu ya mkunjo na kukata ncha yote iliyopinda, hata kama roho inaniuma kwa kitambaa kinachopotea. Kila baada ya kanda tatu au nne nakagua tena ile pembe, maana huhama polepole bila wewe kujua.

Adui wa pili ni mkono unaoshika rula. Ukikandamiza mahali pamoja tu, rula inateleza wembe ukiwa njiani kuelekea ncha ya mbali. Tandaza vidole, na kidole cha mwisho kishuke kwenye kitambaa, ukingo wa rula ulio mbali na wembe, kiwe kama breki. Ukifika usawa wa mkono, simamisha kisu bila kukiinua, sogeza mkono mbele, endelea. Kata kwa kusukuma mbali na mwili. Na kila ukikiweka kisu chini, hata kwa sekunde mbili, funga wembe. Mimi nilijifunza hilo kwa ncha ya kidole, sitaki kusimulia zaidi.

Vipimo visome kwenye rula. Mistari ya mkeka wa kukatia ni ya kukuelekeza tu, na mkeka ulioachwa juani hupinda. Tena, rula uliyoanza nayo ndiyo umalize nayo, na uamue mapema kama unene wa mstari unauhesabu ndani au nje. Unaona ni usumbufu? Piga hesabu: milimita moja iliyozidi kwenye kila kiraka, safu ya viraka 20, ni sentimita 2 nzima.

Kuhusu nyembe, ya kipenyo cha milimita 45 inatosha kazi nyingi. Ya 28 ni ya kukata kona ndogo za mviringo, ya 60 ni ya tabaka nyingi. Wapo wanaokata tabaka sita kwa mpigo, mimi sivuki nne. Kisu kikianza kuruka nyuzi, badilisha wembe badala ya kuongeza nguvu, maana nguvu ndiyo inayosukuma rula. Na kama kinaruka kila baada ya sentimita 14 hivi, ujue wembe wako wa 45 una pengo kwenye makali, pengine ulipita juu ya pini: huo ndio urefu wa mzunguko wake mmoja.

Kabla ya kukata kitambaa chote, kata viraka viwili vya inchi 2½, uvipime, uviunge kwa mshono ulio robo inchi kutoka ukingoni, upige pasi, kisha upime tena. Vyote viwili pamoja viwe na inchi 4½. Kama kila kimoja kilikuwa sawa kabla ya kuungwa na sasa vimepungua, hapo sasa unayo ruhusa ya kuilaumu cherehani.