Nabii alinipa mwaka mmoja, sasa ni wa tatu. Je, Mungu amenisahau?

*Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 29, nilihitimu shahada ya ualimu wa kemia na biolojia miaka 5 iliyopita, ajira sijapata. Mwaka juzi mtumishi mmoja alinitabiria kwamba mwaka ule hautaisha kabla sijaitwa kazini, akasema nitoe mbegu ili unabii utimie. Nilikopa 300,000 kwenye kikoba nikatoa. Hadi leo kimya, na bado nadaiwa 180,000. Nikisoma Yeremia 29:11 naumia. Mama anasema imani yangu ni haba. Je, Mungu amenisahau, au ualimu si kusudi lake kwangu?*
*Niliyechoka, Dodoma*

Dada, asifiwe milele.

Huo mstari wa 11, wa "mawazo ya amani" na tumaini, uache kwanza. Fungua sura ya 28, usome hadi mwisho wa 29 bila kuinuka. Humo yumo mtu utakayemtambua.

Mwaka 597 KK Nebukadreza alimchukua mateka mfalme Yekonia pamoja na watu wengi wa Yerusalemu, akawapeleka Babeli. Baada ya hapo nabii Hanania alisimama hekaluni akatangaza kuwa ndani ya miaka 2 wote watakuwa wamerudi. Akaivua nira ambayo nabii Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, akaivunja mbele za watu. Yeremia mwenyewe alikuwa ameitikia "Amina", maana nani asingependa iwe kweli? Lakini barua aliyowatumia mateka, kwa mkono wa Elasa na Gemaria, ilitaja miaka 70. Mstari wako wa 11 umo katika barua hiyo, na miaka 70 imetajwa kwenye mstari wa 10, ambao wanaouandika ule wa 11 kwenye kadi za mahafali huuruka.

Sasa angalia ni ahadi ya nani iliyokuvunja moyo. Aliyekuwekea mwaka mmoja ni mtu. Kumbukumbu la Torati 18:22 linatoa kipimo: nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisitimie, Bwana hakulinena, wala usimwogope nabii huyo. Umekuwa ukimdai Yeremia deni la Hanania.

Kuhusu mbegu, soma 2 Wakorintho 8:12: sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Fedha ya kikoba hukuwa nayo, ilikuwa ya wenzako. Usitoe nyingine ya "kuikomboa" ile ya kwanza. Hapo ndipo wengi huzama, kwa sababu jibu likichelewa huambiwa sadaka haikutosha, na sadaka ya namna hiyo haitoshi kamwe. Mwone mwenyekiti na mweka hazina kabla ya siku ya kikao, usingoje kuulizwa mbele ya watu. Peleka pendekezo lililoandikwa: 15,000 kwa mwezi, miezi 12, na riba mkubaliane hapo hapo.

Umeuliza juu ya kusudi. Warumi 8:28 wengi wanaikariri wakaishia hapo, ilhali mstari wa 29 ndio unaolitaja kusudi lenyewe: tufananishwe na mfano wa Mwana wake. Hilo halisubiri barua ya ajira. Ualimu unaweza kuendelea nao au ukabadili kazi, na bado ukawa ndani ya kusudi.

Rudi kwenye ile barua, mstari wa 5 hadi wa 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni mji mliomo. Aliyemwamini Hanania asingepanda hata mchicha. Nani apande mwembe kwenye chumba alicholipia kodi ya miezi miwili? Ndivyo unabii wa haraka unavyoharibu: unamfanya mtu asimamishe maisha. Wewe una kemia na biolojia, na wanafunzi wa kidato cha 3 na cha 4 wanahangaikia masomo hayo. Anza twisheni na wanafunzi 4, kila Jumamosi kwa saa 2. Ukitoza 2,000 kwa kila mmoja kila Jumamosi, mwezi wa Jumamosi 4 unakupa 32,000, rejesho la kikoba limo na chenji inabaki. Kwenye Ajira Portal hakiki kwamba majina ya vyeti vyote yanalingana na ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Shule binafsi zizungukie Novemba na Desemba, kabla muhula wa Januari haujaanza.

Maombi yasiyotoka yaanzie Zaburi 13. Ni mistari 6. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" inarudi mara nne. Miwili inayofuata ni ombi. Ya mwisho ni tumaini. Isome kwa sauti asubuhi, na baada ya kila sehemu sema ya kwako. Kosa la kawaida ni kurukia mstari wa 5 ili uonekane una imani; ukifanya hivyo uchungu unabaki ulipokuwa. Siku usiyofika kwenye tumaini, ishia kwenye ombi. Zaburi 88 inaishia gizani, na imo kwenye Biblia.

Mama usibishane naye. Mwombe msome pamoja Maombolezo 3. Maneno "uaminifu wako ni mkuu" yaliandikwa Yerusalemu ikiwa magofu, na anayeyasema ametoka kusema kwamba hata akiita na kulia, Mungu huyapinga maombi yake. Na kama usingizi umekupotea kwa wiki mbili au zaidi, au unawaza kufa, mweleze mama na mchungaji leo hii, kisha nenda hospitali. Maombi na daktari havigombani.

Yule mtumishi akipiga simu kuulizia mbegu ya mwaka huu, mwambie unalipa kikoba.